Jumamosi Nilizoziandika Ijumaa

Siku yangu ya kwanza katika thieta ya mifupa niliambiwa nisiguse kitu chochote, nami nikatii kwa bidii hata nikasahau kupumua. Nilianguka kabla mgonjwa hajalazwa mezani. Aliyeniinua hakuwa daktari wala muuguzi mwenzangu. Alikuwa Mzee Ombati, mhudumu wa chumba cha kutakasia vifaa, mtu mwembamba aliyevaa buti za mpira alizozikata shingo kwa kisu ili zisimkwaruze. Aliniketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia kwamba sakafu ile alikuwa ameipiga deki mwenyewe alfajiri, kwa hiyo nilikuwa nimechagua mahali safi pa kuangukia.

Wenzangu vijana mnaobaki katika thieta ile, mliniomba niandike badala ya kuhutubu wakati wa chai ya kuniaga. Nadhani mlitarajia vifaa na vichekesho. Vimo. Lakini jambo linaloniandikisha ni moja, nalo nitalifikia kwa mpangilio wake, kwa sababu nikilitanguliza nitaanza kujitetea kabla sijalisema.

Hospitali yetu mnaijua: iko mpakani mwa Kisii na Nyamira, majani chai yamepanda hadi ukutani mwa wodi ya wanaume. Miaka ile ya mwanzo tulitoboa mifupa kwa drili ya seremala iliyovishwa kitambaa kilichotakaswa, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kuhakikisha kitambaa hakisokotwi na drili pamoja na glavu ya daktari. Skrubu tulizihesabu mara tatu: kabla, katikati na baada. Nilipenda kuhesabu. Wengine waliona ni utumwa. Mimi niliona ndiyo sehemu pekee ya upasuaji ambayo jibu lake halina ubishi.

Aliyenifundisha ni Daktari Mokaya, mpasuaji wetu wa mifupa, mtu mpole aliyekuwa mkali kwa jambo moja tu, nalo ni mfupa wa kupandikiza. Mfupa unapovunjika ukakataa kuunga, huwekewa vipande vya mfupa mwingine, vidogo kama punje za mahindi, ili upate pa kushikia. Mara nyingi vipande hivyo huchongwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Nilivipokea ndani ya bakuli, nikavifunika kwa shashi iliyoloweshwa, nikavilinda. Siku moja nililigeuzia bakuli mgongo nilipokuwa nikitafuta koleo. Daktari Mokaya aliacha kufanya kazi, mikono yake ikiwa hewani.

"Sister Bosibori, unalinda nini hapo?"

"Mfupa, Daktari."

"Unalinda kitu kilichokufa. Hakina damu. Dawa ya kuua vijidudu husafiri kwa damu, kwa hiyo huku haitafika kwa majuma mengi. Kijidudu kimoja kikitua hapo kimepata nyumba isiyo na askari. Mpaka mfupa huo upate damu yake, damu yake ni wewe."

Sikugeuzia bakuli mgongo tena. Nilijivunia hilo, na naona sasa kwamba kulinda bakuli mbele ya macho ya watu kuliniridhisha kupita kiasi.

Baadaye kidogo Daktari alianzisha benki ya mifupa. Jina lilikuwa kubwa kuliko kitu chenyewe: friza moja ya kifuniko cha juu, ndani ya stoo iliyopakana na chumba cha Mzee Ombati. Mgonjwa akibadilishwa nyonga, kile kichwa cha mfupa wa paja kinachotolewa hakikutupwa tena. Kwa ridhaa yake kilipimwa, kikafungwa tabaka tatu, kikagandishwa, kikangoja mtu mwingine atakayekihitaji. Wa kwanza kukubali alikuwa mama mzee wa Nyacheki, aliyechuma chai miaka mingi hata nyonga ikasagika. Nilimsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno. Alisikiliza yote, kisha akauliza utakaa wapi huo mfupa wake.

"Ndani ya baridi kali sana, omong'ina. Kuliko barafu."

"Miaka sabini nauepusha na baridi ya Nyacheki, ninyi mnataka kuurudisha?" Akacheka hadi kitanda kikalia. "Haya, uchukueni. Lakini mtakayempa mwambieni anunue blanketi."

Friza ilitakiwa kukaa kwenye nyuzi arobaini chini ya sifuri, na kila siku mtu alipaswa kusoma kipimajoto na kujaza jedwali lililobandikwa mlangoni. Daktari Mokaya hakuridhika na kipimajoto peke yake. Alichukua kikombe cha plastiki, akakijaza maji, akakigandisha, na juu ya barafu akalaza skrubu kuukuu iliyotolewa kwenye mguu wa mtu.

"Kipimajoto kinakuambia ya sasa hivi," alisema. "Skrubu inakuambia ya jana. Ukiikuta imezama chini ya kikombe, ujue barafu iliyeyuka ikagandishwa tena wewe ukiwa hupo. Siku hiyo hatujadiliani. Mifupa yote inatupwa."

Jedwali lilikuwa jukumu langu. Mimi ni Msabato, nyote mnajua. Mkuu wa wauguzi aliniruhusu nisifanye kazi Jumamosi, nami nikawa nashika zamu za Jumapili. Siku ya Sabato muuguzi wa wodi ndiye aliyepaswa kupita stoo na kusoma kipimajoto. Alisahau, na aliyemfuata akasahau, na wa tatu aliniambia waziwazi kwamba yeye hakuajiriwa kulinda barafu. Jedwali langu likawa na mraba mtupu kila Jumamosi, kama jino lililong'olewa. Mkaguzi mmoja alipopita aliizungushia miraba ile kalamu nyekundu. Sikulala vizuri kwa siku kadhaa kwa sababu ya wino huo.

Ijumaa kwetu ni siku ya maandalio. Chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa, viatu hung'arishwa Ijumaa, maji huchotwa Ijumaa, yote kabla jua halijazama. Ijumaa moja, nikiwa nimekwisha kusoma kipimajoto, kalamu ilikuwa bado mkononi, na mraba wa Jumamosi ulikuwa pale pale kando. Niliandika: arobaini chini ya sifuri. Niliona nimeandaa, na tangu hapo nikaandaa hivyo kila Ijumaa. Sikuandika siku ya Sabato. Niliandika jua likiwa juu. Kwa miaka mingi niliamini sikuvunja kitu. Nililinda amri ya nne, ya Sabato, kwa kuivunja ya tisa, ya ushahidi wa uongo, nami niliyeweza kuzikariri zote kumi tangu nikiwa na miaka sita sikuliona hilo.

Mkaguzi aliporudi aliandika, "Kazi nzuri."

Sasa nafika. Ilikuwa msimu wa mvua za radi, na katika orodha ya upasuaji ya Jumanne moja alikuwemo msichana aitwaye Kemunto, wa Itumbe, karani wa kituo cha kupokea majani chai. Alikuwa amevunjika paja katika ajali ya bodaboda. Bamba la chuma liliwekwa, mfupa ukakataa kuunga. Nyonga yake ikachongwa vipande, bado ukakataa. Safari hii angepewa mfupa kutoka benki, ule wa omong'ina wa Nyacheki. Nilikuwa nimemwambia habari ya blanketi, akacheka na kusema atanunua mawili, moja lake na moja la paja.

Jumapili asubuhi nilimkuta Mzee Ombati mlangoni mwa stoo.

"Bwakire, Sister. Swichi kuu ya upande huu ilikuwa imeanguka. Nimeirudisha."

"Ilianguka lini?"

"Siwezi kujua. Ijumaa jioni niliondoka mashine yangu ya kutakasia ikichemka. Leo alfajiri nimeikuta baridi kama jiwe la mtoni. Nimeandika kwenye kitabu changu, mstari wa jana."

Nilifungua friza. Kipimajoto kilikuwa kimeshuka, si hadi arobaini, lakini kilikuwa njiani. Nilikiinua kikombe. Skrubu ilikuwa chini kabisa, imelala ndani ya barafu safi, ikionekana vizuri kama kitu kilichowekwa ndani ya kioo ili watu wakitazame.

Nataka kuwa sahihi hapa, kwa sababu usahihi ndio niliousaliti. Sitasema sikujua. Nilijua kwa muda wa kama pumzi mbili. Kisha nikatazama mlangoni, na pale palikuwa na Jumamosi, arobaini chini ya sifuri, kwa mwandiko wangu. Akili yangu ikaanza kazi ambayo inaiweza mno. Labda skrubu iligandishwa vibaya tangu mwanzo. Labda nilijaza maji juu yake nikasahau. Labda swichi ilianguka saa moja tu kabla ya alfajiri, na mashine ya Mzee hupoa haraka. Kama ningetupa mifupa ningelazimika kueleza kwa nini, na nikieleza, jedwali lingesema mimi ni mwongo; na kama jedwali ni kweli, basi hakuna cha kueleza. Nilitafuta sababu ya kuiamini namba ile, nikasahau kwamba namba ile ilitoka kichwani mwangu Ijumaa, kabla ya viazi vya Sabato kuiva.

Nilikwenda kwenye bomba. Nikayeyusha barafu, nikaitoa skrubu, nikaikausha kwa shashi, nikajaza maji mapya. Jumatatu, maji yalipokuwa yameganda, niliilaza skrubu juu, katikati kabisa. Niliiweka sawa kwa ncha ya kidole.

Jumanne Kemunto alipandikizwa mfupa. Niliulinda katika bakuli kama nilivyofundishwa. Sikuugeuzia mgongo hata mara moja.

Siku ya tisa homa ilipanda. Kisha jeraha likafunguka, likatoa usaha. Alirudi mezani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, hadi vipande vyote vya mfupa vikatolewa pamoja na bamba. Mguu uliokolewa, lakini ulibaki mfupi, na goti likagoma kukunjika. Mama yake alikuwa akikaa kwenye benchi la nje ameshika blanketi jipya lililofungwa bado katika nailoni.

Hospitali ikaita kikao cha uchunguzi. Tulikuwa watu wanne mezani: mwenyekiti, Daktari Mokaya, mimi, na Mzee Ombati aliyekaa kwenye ukingo wa kiti akiwa amevaa koti la kanisani. Kitabu chake kilifunguliwa. Jumamosi hakukuwa na namba, kulikuwa na maneno mawili kwa penseli: "Hakuna stima."

"Hapa hakuna stima," mwenyekiti akasema, "na Jumanne vifaa vya mgonjwa vimetoka chumbani kwako. Tutajuaje havikuwa vile vya Ijumaa, vilivyokatizwa katikati?"

"Nilivirudia vyote Jumatatu, bwana. Nilivirudia tangu mwanzo."

"Umeandika?"

"Niliandika nilivyovitakasa. Sikuandika kwamba nimerudia."

"Na friza ya mifupa? Haiko kwenye laini hiyo hiyo?"

Mzee Ombati alinigeukia. Hakunishutumu, alinigeukia kama mtu anayesubiri mwenzake ashike upande wa pili wa meza nzito. Mwenyekiti alilivuta jedwali langu.

"Jumamosi, arobaini chini ya sifuri. Basi friza haikuguswa. Iko kwenye laini nyingine. Au vipi, Sister?"

Nikasema, "Jedwali ndilo hilo."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyachunguza miaka mingi, na naona niliyachagua kwa ustadi: hayakuwa uongo. Mzee Ombati alitazama jedwali, akanitazama mimi, kisha akatazama mikono yake.

"Kama Sister ameandika, ameandika," alisema. "Labda mimi ndiye nimechanganya."

Alihamishiwa chumba cha kufulia, akakaa huko hadi alipostaafu. Hakuniambia neno baya. Tulipokutana koridoni alinisalimu, nami nikawa napita njia ya nje, kwenye mvua, kwa madai kwamba napenda hewa.

Nafahamu baadhi yenu mtasema haijulikani kama mfupa ule ndio ulioleta ugonjwa. Ni kweli, na hoja hiyo nimeipitia kila upande. Friza haizalishi vijidudu, huvilaza tu. Mfupa ukiyeyuka, kama kulikuwa na vichache ambavyo kipimo cha kwanza hakikuviona, huamka na kuongezeka. Inawezekana havikuwepo. Inawezekana vilitoka mahali pengine. Lakini hakuna aliyeniomba nijue vilitoka wapi. Niliombwa kutupa mfupa skrubu ikizama, nami nikaiokota skrubu.

Miaka michache kabla ya kustaafu nilijiandikisha kusomea uzamili katika kuzuia maambukizi. Kwa wengine niliwaambia ni kiu ya elimu. Kwa tasnifu yangu nilichagua benki yetu ya mifupa, na nikampelekea msimamizi wangu, mhadhiri kijana mwenye ucheshi, mchoro wa halijoto za friza kwa miaka yote niliyoitunza. Alinyoosha karatasi juu ya meza yake, akafuata mstari kwa kidole.

"Mama, hebu nisaidie. Jumatatu inapanda, Jumanne inashuka, Alhamisi inatetemeka. Hivyo ndivyo friza zilivyo. Lakini kila Jumamosi ni arobaini kamili, haisogei hata kidogo." Akacheka. "Friza yenu ni Msabato? Inapumzika?"

Hakuwa na nia mbaya. Nami nilicheka pia, ndilo jambo la aibu kuliko yote niliyokwisha kuandika. Kisha nikaomba ruhusa, nikaenda nje nikashika ukuta, kama yule muuguzi mpya wa siku ya kwanza, ila safari hii hapakuwa na mtu wa kunigeuzia ndoo. Kumbe ushahidi ulikuwa mlangoni siku zote. Yeyote angeweza kuuona. Nilifichwa na sifa yangu tu.

Nilisimamisha tasnifu. Hata hivyo nilikaa kimya hadi nilipostaafu, na sina maelezo mazuri ya kimya hicho cha pili. Wiki niliyorudisha funguo niliandika barua kwa mkuu wa hospitali, nikaeleza Jumamosi, swichi na skrubu, nikaomba ripoti ile isahihishwe na jina la Mzee Ombati lisafishwe. Kisha nikaenda Magwagwa.

Nilimkuta kwenye shamba lake la ndizi, akiondoa majani makavu kwa panga. Amezeeka, lakini zile buti zilikuwa zile zile, au watoto wa zile za kwanza.

"Sister Bosibori! Umepotea. Karibu, kaa." Akageuza ndoo, akaipangusa kwa mkono, akaniwekea.

Sikuweza kuikalia. Nilisimama nikamweleza yote kwa mpangilio, tangu kalamu ya Ijumaa hadi bombani. Alisikiliza bila kuinua kichwa, panga likiwa limesimama ardhini. Nilipomaliza aling'oa panga ardhini.

"Swichi niliirudisha mimi," alisema.

"Ndiyo, tata," nikamjibu kama binti kwa baba.

"Na niliandika."

"Uliandika."

"Mke wangu aliniambia, 'Wewe hukuchanganya.' Nikamwambia Sister hawezi kuandika kitu ambacho hakukiona. Nilimkatalia hadi akafa." Alipangusa uso kwa kiwiko. "Sister, mimi kila mwezi ninapeleka mkungu kwa yule msichana wa Itumbe. Tangu alipotoka hospitali. Nilimwambia mashine yangu ndiyo iliyomharibu mguu, nikaomba anisamehe, akasema amesamehe. Sikuacha kwenda. Unanielewa? Mwezi hata mmoja sijaacha."

Sikuwa nikijua. Naapa sikuwa nikijua.

"Kwa hiyo zile ndizi," alisema polepole, kama mtu anayehesabu skrubu baada ya upasuaji, "zote zilikuwa zako."

Alikata mkungu mmoja, akaufunga kwa kamba ya mgomba, akaniwekea miguuni. "Huu upeleke wewe," akasema, akarudi kwenye majani yake.

Nilifika Itumbe mchana. Kemunto sasa ni mama wa watoto wawili. Ana duka dogo la mbegu na mbolea nyumbani kwake, na fimbo yake huiegemeza kwenye kaunta. Aliona mkungu kabla hajaniona mimi.

"Mzee yuko wapi? Ni mgonjwa?"

Nikamwambia ni mzima. Nikaweka mkungu barazani nikaanza tena, tangu Ijumaa. Alinisikiliza akiwa amesimama, uzito wote juu ya mguu mmoja, na sikuthubutu kumwambia aketi katika nyumba yake mwenyewe. Nilipofika kwenye skrubu aliuliza swali moja tu.

"Uliiweka juu ya barafu kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Alitazama mkono huo. Hakusema amesamehe, wala sikuuliza. Kisha tulisikia buti njiani. Mzee Ombati alikuwa amenifuata, amechelewa kwa sababu ya kilima, na begani alikuwa na mkungu mwingine, mkubwa kuliko wangu.

"Tata, si Sister ameshaleta?" Kemunto akamwambia. "Ameniambia haukuwa wewe. Huna haja ya kuja tena."

"Zile za zamani zilikuwa zake," alijibu akihema. "Hizi nimeleta mimi."

Kemunto aliupokea mkungu ule, akauegemeza kifuani, akauingiza jikoni akichechemea, na Mzee akamfuata ndani akiulizia watoto. Wangu ulibaki barazani. Nilikaa karibu nao, kwenye ngazi, hadi jua likageuka, na hakuna aliyenifukuza.

Ndiyo maana, wenzangu, nikiondoka nilibandua jedwali la zamani na kubandika jipya. Mkaguzi akija mtamwonyesha. Miraba ya Jumamosi ambayo hakuna aliyeisoma iacheni mitupu.